Konokono Mwenye Pete: Nilivyosafiri na Kogo Kutoka Boito Hadi Baharini

Watu wengi husafiri kutafuta kazi, au kwenda kuzika, au kwenda arusi. Mimi na nyanya yangu tulisafiri kutoka Boito mpaka baharini ili mshipi wa ngozi usichomwe moto.

Nyanya tulimwita Kogo, kama watoto wote wa Kipsigis wanavyowaita nyanya zao. Mshipi wake aliuita legetiet. Ulikuwa wa ngozi iliyopakwa mafuta miaka mingi hadi ikawa nyeusi na laini kama sikio la ndama, na juu yake zilikuwa zimeshonwa kauri nyeupe, zimebanana safu kwa safu. Mwanamke aliufunga akiwa na mimba, na tena baada ya kujifungua. Kogo aliufunga kwa kila mtoto wake. Mama yake aliufunga kabla yake. Nilipokuwa mdogo nilipenda kupitisha kidole juu ya kauri hizo moja moja. Kila moja haikuzidi punje kubwa ya maharagwe, na katikati ilikuwa na mdomo mwembamba wenye meno pande zote mbili. Mimi nilidhani ni meno ya mnyama. Binamu yangu aliapa kwamba ni mawe. Kogo mwenyewe alipoulizwa alisema tu, "Zilitoka mbali."

Miaka hiyo ya hamsini Baba alikuwa mwalimu wa kanisa letu dogo la mabati, juu kidogo ya mashamba ya chai. Alikuwa mtu mpole, asiyeinua sauti hata kwa ng'ombe. Lakini wazee wa kanisa walikuwa wameamua kwamba vitu vya kale vitolewe katika nyumba za waumini na kuchomwa, na macho ya watu yalianza kugeukia nyumba yetu. Jioni moja, tukiwa tunaota moto, Baba alisema bila kumtazama Kogo usoni:

"Mama, ule mshipi. Watu wanauliza."

"Waje waniulize mimi."

"Wanasema ni meno ya maiti."

"Na wewe unasema nini?"

Baba alisukuma kuni ndani ya moto. "Mimi sijui ni nini, Mama. Hiyo ndiyo shida. Kitu nisichokijua nitakiteteaje?"

Kogo aliinuka akaenda kulala. Lakini wiki hiyo hiyo jirani yetu mmoja alirudi kutoka Mombasa, ambako Baba Mdogo Kiplangat alikuwa akipakua mizigo bandarini, akaleta habari kwamba mke wa Baba Mdogo ni mjamzito. Alikuwa amewazika watoto wawili wachanga kabla ya huyo. Hatukuwahi kumwona mwanamke huyo. Tulijua tu kwamba anaitwa Kadzo na kwamba ni mtu wa huko huko pwani. Kogo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama na kujikung'uta majivu.

"Kama mshipi hauna mahali hapa," alimwambia Baba, "utakwenda mahali penye kazi."

Aliuza ndama wake. Na kwa kuwa hakujua Kiswahili zaidi ya "jambo" na "toa," alisema nitakwenda naye mimi, kwa sababu nilikuwa nasoma na shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Aprili. Baba hakupinga. Nadhani alishukuru.

Asubuhi ya kuondoka, ukungu ulikuwa umelala juu ya chai hata usione mahali shamba linapoishia. Tulipanda lori lililokuwa likipeleka masanduku ya chai Kericho. Nikifumba macho hata leo naisikia harufu ile: chai kavu, mbao mpya, na turubai lililonyeshewa. Kogo alikaa juu ya sanduku kama malkia, kibuyu cha mursik mapajani, maana hakuna mama wa Kipsigis anayekwenda kumwona mwanawe bila maziwa yaliyogandishwa kwa mkaa. Mshipi alikuwa ameukunja ndani ya mfuko wa unga wa wimbi. Njiani wachuma chai walikuwa tayari mashambani, vikapu mgongoni, na mmoja alimpungia Kogo mkono akipiga kelele, "Unaenda wapi, mama?" Kogo alijibu kwa Kipsigis, "Ninaenda mpaka nchi iishe!" Wakacheka, na lori likakata kona.

Kutoka Kericho tulipata lori jingine la kuteremka mpaka Fort Ternan. Jinsi tulivyoshuka ndivyo chai ilivyotuacha, mahindi yakaanza, na chini zaidi mabondeni tukaona miwa. Joto lilipanda. Kogo alivua shuka moja, kisha ya pili. Tulilala kwa mdogo wake, aliyekuwa ameolewa karibu na stesheni, na kesho yake mama huyo alitusindikiza kwenye reli na miwa mikononi. Gari moshi lilipotokea likihema na kutoa moshi, Kogo alinishika mkono kwa nguvu.

"Hili linakula nini?" aliuliza.

"Kuni, Kogo. Na maji."

"Basi ni kama mimi," akasema, akapanda.

Tulipofika Nakuru gari lilisimama muda mrefu. Zile zilikuwa nyakati za hatari, serikali ya mkoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni, na askari walipita behewa kwa behewa wakikagua watu na mizigo. Mmoja, kijana mwenye kaptura iliyopigwa pasi vizuri na bunduki begani, alisimama mbele yetu akagonga mfuko wa unga kwa fimbo.

"Hapa kuna nini?"

"Unga, afande," nikasema.

"Fungua."

Nilifungua. Aliingiza mkono, akavuta, na mshipi ukatoka ukiwa umejaa unga, kauri zote zimekenua. Askari aliutupa mapajani kwa Kogo kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Mama, hii ni dawa gani?"

Nilimtafsiria Kogo. Yeye alimtazama kijana yule kwa huruma, akaanza kuupangusa mshipi taratibu. "Mwambie mama yake alikuwa nao wa namna hii. Amuulize akienda nyumbani."

Nilimwambia. Askari aliibana fimbo kwapani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Funga, mama. Funga vizuri," akaenda zake bila kugusa mzigo mwingine katika behewa letu. Mzee aliyekaa mkabala nasi alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona kwamba hata yeye, na bunduki yake, aliogopa kitu kwa sababu hakujua ni nini.

Nairobi tulibadilisha gari. Sikumbuki mengi isipokuwa miguu ya watu. Asubuhi tuliamka katika nchi nyekundu, tambarare, yenye miiba, na jua likatuwakia kama lina kisasi nasi. Tulikuwa tumekwisha kuipita Voi wakati kibuyu kilipoanza kunung'unika. Kogo aliinamisha sikio, na kabla sijasema neno kizibo kiliruka kikagonga dari, mursik ikafuata, na sehemu kubwa yake ikaishia kwenye koti jeupe la karani mmoja aliyekuwa amesinzia. Nilitamani kujificha chini ya benchi. Karani aliamka, akajitazama, akaonja kidole, akasema kwa Kipsigis safi cha kwetu:

"Haya ya wapi? Ya Bomet?"

Kumbe alikuwa mtu wa Longisa, na hakuwa ameonja mursik kwa muda mrefu. Kogo alimmiminia kikombe kizima. Kuanzia hapo mpaka Mombasa alitubebea mizigo kama mtoto wa nyumba yetu.

Baba Mdogo alitupokea stesheni. Alikuwa amekonda, mweusi kwa jua, na alivaa kanzu. Kogo alimzunguka akimtazama pande zote kama mtu anayenunua fahali, halafu akatema mate mepesi kifuani pake, ndiyo baraka yetu. Baba Mdogo alicheka huku machozi yakimtoka. Tulivuka daraja la Nyali, lililoelea juu ya maji na kucheza chini ya miguu, Kogo akiwa amefumba macho njia nzima. Nyumba yao ilikuwa Kisauni, ya udongo na makuti, safi, na mlangoni alisimama Kadzo, tumbo limetangulia mbele.

Siku ile ile Kogo alimpa mshipi. Aliutandaza juu ya mkeka kwa mikono miwili. Kadzo aliinama, akatabasamu.

"Kete!" akasema. "Hizi kete ni za kwetu. Watoto hapa wanachezea bao. Zilifikaje huko kwenye baridi?"

Nilimtafsiria Kogo kwamba huku wanaziita kete na kwamba watoto wanazichezea. Kogo hakujua acheke au akasirike. Alimwonyesha Kadzo kwa ishara: ufunge, hivi, chini ya tumbo. Hapo uso wa Kadzo ulibadilika.

"Mama, niwie radhi," alisema. "Nimefungwa hirizi za kila aina. Kwa wa kwanza nilifungwa, kwa wa pili nilifungwa. Wote nimewazika. Sitaki kufungwa tena kitu."

Sikutaka kuyatafsiri maneno hayo, lakini Kogo alikuwa ananisubiri. Nilipomaliza, aliukunja mshipi polepole akauweka kando ya ukuta. Tulikuwa tumekuja mbali kiasi kile, na mshipi haukutakiwa huku kama ulivyokuwa hautakiwi kule. Usiku huo Kogo hakula.

Kesho yake asubuhi Kadzo ndiye aliyetuita. Nadhani alikuwa ameona huzuni ya mkwe wake ikamchoma. "Njooni," alisema, "maji yamekupwa sana leo. Mje mwone kete zinavyokaa kwao."

Tulimfuata mpaka ufukweni. Nilitazamia kuona maji, na maji hayakuwapo. Yalikuwa yamekwenda mbali kule mawimbi yalikovunjika meupe, yakaacha uwanja mpana wa miamba, majani ya bahari na vidimbwi. Kogo alisimama kwenye mchanga mkavu.

"Mwenye maji akirudi?" aliuliza.

"Anarudi mchana, Mama, na hodi anapiga," Kadzo alijibu nilipomtafsiria. Basi Kogo akainua nguo, akaingia.

Kadzo hakuweza kuinama sana, hivyo alikaa juu ya mwamba na kunionyesha kwa kidole. "Geuza lile jiwe. Polepole. Na ukimaliza ulirudishe kama lilivyokuwa, maana kuna wanaoishi hapo."

Niligeuza. Chini yake sikuona kauri yoyote. Niliona kitu kidogo kama kipande cha kuvu kilicholowa, rangi ya majivu, chenye vinyweleo vinyweleo.

"Mguse," akasema Kadzo.

Nilimgusa. Watoto mnaonisikiliza, nimeishi miaka mingi na nimeona mengi, lakini sijasahau. Ile ngozi ya majivu iligawanyika katikati juu ya mgongo wake, ikarudi upande huu na upande huu kama mtu anayevua shuka mabegani, na chini yake ikatokea kauri inayong'aa, imelowa, nyeupe yenye ubuluu kidogo, na mgongoni imezungushiwa mstari wa njano kama pete ya dhahabu. Mbele zilichungulia pembe mbili nyembamba kuliko uzi. Zikanitazama. Zikarudi ndani.

"Kogo!" nilipiga kelele. "Ni konokono! Ni konokono!"

Kogo alikuja akichechemea juu ya miamba. Alimtazama kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria: "Hiyo pete mbona zetu hazina?"

Kadzo alieleza. Kauri inayoshonwa kwenye ngozi hukatwa mgongo kwanza, ili ilale vizuri na uzi upite. Kwa hiyo sisi wa bara tulikuwa tunaona tumbo tu, ule mdomo wenye meno. Mgongo wenye pete ulibaki kwa waliokata. Na mng'aro wake, alisema, ni kwa sababu ya ile nguo yake ya ngozi: konokono huyu hulivaa gamba kwa ndani na nguo kwa nje, na kila anapolifunika analipaka tabaka jipya, ndiyo maana halikwaruziki kama la wenzake. Mchana hujificha chini ya mawe; giza likiingia hutoka kula mwani wa kijani kwenye miamba.

Niligeuza jiwe jingine. Konokono wa hapo nilipomgusa hakuondoka, alijibana tu. Chini yake, na kumzunguka, palikuwa na vifuko vidogo vingi vya rangi ya maziwa ya mtindi, vimeshikamana kama mbegu za mtama.

"Muache huyo," Kadzo alisema haraka. "Anaatamia mayai. Habanduki hapo mpaka yaanguliwe. Hata ukigeuza jiwe, haachi."

Nilimtafsiria Kogo. Alichuchumaa pale majini, nguo zikalowa, akamwangalia konokono yule mdogo kuliko ncha ya kidole gumba chake. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kumwonea wasiwasi. Halafu yeye mwenyewe, kwa mikono yake miwili, akalirudisha jiwe taratibu.

"Mwambie Kadzo hivi," alisema akisimama. "Mshipi si dawa. Mimi nilipoufunga nilizika pia; nilizika mmoja kabla ya baba yako. Mshipi ni mikono ya mama yangu na ya mama yake, basi. Sikuja kumfunga. Nilikuja asiwe peke yake."

Sikujua kwamba Kogo alizika mtoto. Baba naye, baadaye, aliniambia hakujua. Nilisimama pale nikitafuta Kiswahili cha kutosha kubeba maneno yale, na sikupata chote. Lakini nilichopata kilitosha, maana Kadzo alijifunika uso kwa leso, na Kogo akaenda akaketi kando yake juu ya mwamba, na wakakaa hivyo bila mkalimani mpaka maji yakaanza kutuzunguka miguu.

Baada ya siku chache mvua kubwa ilianza. Ilinyesha juu ya makuti tangu alfajiri, na katikati ya mvua hiyo uchungu ukamshika Kadzo. Mkunga alikuja na mwavuli. Mimi nilitolewa nje, nikakaa barazani na Baba Mdogo, ambaye hakuacha kufungua na kufunga kifungo kimoja cha kanzu yake. Mara nikasikia sauti ya Kadzo kutoka ndani, sauti ya mtu aliyechoka:

"Mama! Uko wapi ule mshipi?"

Hilo Kogo hakuhitaji kutafsiriwa.

Mtoto alizaliwa mvua ikiendelea, msichana, mwenye sauti kubwa. Kogo alimpa jina Cherop, aliyezaliwa mvua inyeshapo. "Mvua ya Boito imetufuata," alisema. Tulikaa nao mpaka mtoto akanenepa mashavu. Tulipoondoka mshipi ulibaki kiunoni mwa Kadzo, na mimi nikapewa gamba moja zima, tupu, lililotupwa na maji ufukweni. Kadzo alinionya nisichukue la mwenye uhai: "Utamuua bure, na atanuka gari zima mpaka kwenu."

Njia ya kurudi ilikuwa fupi, kama zote za kurudi. Gari lilipopanda kuelekea Mau na baridi ikaingia dirishani, Kogo alivuta pumzi ndefu akajifunika shuka zake zote. Tulipofika Boito chai ilikuwa imechipua upya na Baba alikuwa amesimama barabarani, kofia mkononi.

Jioni ile nilimsimulia kila kitu. Nilimpa gamba. Aligeuza upande wa meno, akageuza upande wa pete, akaligeuza tena.

"Kwa hiyo si meno ya maiti."

"Si meno, Baba. Ni nyumba. Aliijenga mwenyewe, na anaifunika asubuhi na jioni."

"Na yule wa mayai haondoki?"

"Haondoki."

Jumapili Baba alilipeleka gamba kanisani, akawapa wazee walishike mmoja mmoja. Mzee mmoja alisema ni kiumbe cha Mungu kama kondoo. Mwingine alikataa kuligusa, na kabla mwaka haujaisha alihamia kanisa jingine. Moto wa vitu vya kale haukuwashwa kwetu. Wala sisemi kila kilichookolewa kilistahili kuokolewa, nasema tu kwamba kuanzia hapo, mtu alipoleta shauri la kuchoma kitu, Baba aliuliza kwanza, "Ni nini hicho?"

Kogo hakurudi tena baharini. Alisimulia safari ile kwa akina mama waliokuwa wakichota maji, wengine wakaamini, wengine wakasema uzee umeanza kumchezea. Alikufa wakati Cherop alikuwa msichana wa shule, na Cherop alikuja na wazazi wake kumzika, akizungumza Kipsigis chenye lafudhi ya Mombasa kilichowafanya watu wacheke hata siku ya msiba.

Kaburini Baba alifungua Biblia, akaifunga bila kusoma. Alisema: "Mimi ndiye niliyesoma katika nyumba hii. Lakini nilipokutana na kitu nisichokijua, nilitafuta kiberiti. Mama yangu alipanda gari moshi."

Kisha akashika koleo.